Teknolojia: Nani Anafaidi, Nani Analipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na wazazi, walimu, vijana wanaotafuta kazi na wazee waliochoka kuambiwa kwamba dunia imewaacha. Mengine yana jibu fupi. Mengine yamenisumbua kwa miaka na jibu lake limekuwa refu. Karibu yote yananirudisha kwenye jambo moja linaloniuma: anayefaidi chombo kipya na anayelipia madhara yake mara nyingi ni watu wawili tofauti, na hawajuani.

Gharama za kijamii ni zipi? Si ndiyo bei ya kifaa?

Bei ni kile anachotoa mnunuzi. Gharama ya kijamii hutolewa na mtu ambaye hakuwepo wakati wa kuuziana. Mchumi Arthur Pigou alilieleza jambo hili mwaka 1920: moshi wa kiwanda huwachafua na kuwaumiza majirani, lakini haumo kwenye daftari la mwenye kiwanda.

Mfano ninaoutumia siku zote ni petroli yenye risasi, namaanisha ile metali nzito yenye sumu, si risasi ya bunduki. Mwaka 1921 Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba kemikali ya risasi ikitiwa kidogo tu kwenye petroli huzuia injini kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani yake. Injini zikapata nguvu, madereva wakafurahi. Kwamba risasi ni sumu lilikuwa jambo la kujulikana tangu kale. Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey kilichokuwa kikitengeneza kemikali hiyo walikufa, baada ya kurukwa na akili. Biashara ikaendelea vilevile. Risasi ikatoka na moshi wa magari, ikatua kwenye udongo wanaochezea watoto, ikaingia kwenye damu yao na kufika kwenye ubongo ambao bado unakua. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Ilichukua miaka 100.

Mtoto aliyepungukiwa uwezo wa kujifunza hakuwa na gari, wala hakuna mtu aliyemuuliza. Tena kwa miongo mingi wataalamu waliosema risasi hiyo haina neno walikuwa wakilipwa na wenye viwanda. Aliyelivunja kimya alikuwa Clair Patterson, mwanasayansi aliyetafuta umri wa dunia na kuupata, miaka bilioni 4.55. Katika kazi hiyo aligundua kwamba vipimo vyake vinachafuliwa na risasi iliyotapakaa kila mahali, hata ndani ya maabara. Alipoanza kusema hadharani mwaka 1965 alipigwa vita. Ninapotaja gharama za kijamii, hizi ndizo ninazozungumzia: faida inaonekana siku ya kwanza, gharama inamfikia mwingine, na aliyeshika mizani ana maslahi yake.

Kwa hiyo unapinga teknolojia?

Hapana. Naandika haya nikiwa nimevaa miwani, na bila miwani nisingesoma hata swali lako.

Ndui iliua watu kwa mamia ya mamilioni katika karne ya 20 pekee. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Chanjo na jokofu la kuitunza ni teknolojia. Jiko safi nalo ni teknolojia: moshi wa kuni, mkaa na mafuta ndani ya nyumba bado unaua takriban watu milioni 3 kila mwaka, wengi wao wanawake na watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaokaa jikoni. Akija mtu kuniambia maisha ya zamani yalikuwa bora, humuuliza: bora kwa nani katika nyumba hiyo?

Kuna pia jambo ambalo sisi wenye macho na masikio mazima hatulioni. Asiyeona leo anasomewa barua zake na simu, peke yake, bila kumwomba jirani amsomee siri za ndoa au za benki. Asiyesikia anaandikiana ujumbe na mtu yeyote, na hahitaji mkalimani ili kusema amechelewa. Kwao hicho ni kiasi kikubwa cha uhuru, na mjadala wowote unaowasahau una kasoro tangu mwanzo.

Teknolojia si ni kama kisu tu? Ubaya ni wa anayekitumia.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na aghalabu anayeuliza huwa ameshajijibu.

Mfano wa kisu una ukweli nusu. Chukua mashine ya ultrasaundi. Imeokoa kina mama na watoto wasiohesabika: daktari anaona mtoto amekaa vibaya, anaona kondo la nyuma limeziba njia, anajiandaa mapema. Mashine hiyohiyo ilipofika kwenye jamii zilizopenda watoto wa kiume ilitumika kutambua mimba za watoto wa kike ili zitolewe. Mwaka 1990 mchumi Amartya Sen alikadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 wanakosekana duniani kwa sababu ya ubaguzi. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na wasichana kunyimwa matunzo, na kipimo hiki kikaja kulizidisha. India ilipiga marufuku utambuzi wa jinsia kwa lengo hilo kwa sheria ya mwaka 1994. Korea Kusini ilikuwa imewakataza madaktari kutaja jinsia ya mimba tangu 1987, lakini uwiano wa wavulana uliendelea kupanda kwa miaka kadhaa kabla ya kushuka hadi hali ya kawaida. Mwaka 2024 mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliifuta sehemu ya mwisho ya katazo hilo, kwa kuwa jamii yenyewe ilikuwa imebadilika na wazazi hawakuwa tena wakibagua.

Mpaka hapo unaweza kusema, "Unaona? Ni mtumiaji." Lakini tazama upande wa pili. Kabla ya mashine, upendeleo ule ulikuwepo ila haukuwa na mkono mrefu hivyo. Mashine iliufanya uwe rahisi, wa siri na wa bei nafuu. Kitu kinachorahisisha jambo kimeshaegemea upande, hata kama hakina nia. Mwanahistoria Melvin Kranzberg aliliweka vizuri mwaka 1986: teknolojia si nzuri wala si mbaya, na pia haiko katikati.

Halafu kuna vyombo ambavyo muundo wake wenyewe umetengenezwa ukuvute. Kisu hakikuiti usiku. Simu inaita. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini ulibonyeza ili kuendelea, na hapo ulipata nafasi ya kujiuliza kama unataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni njia ya ukurasa kujiongeza wenyewe bila kikomo, na baadaye akasema hadharani kwamba anajuta. Nafasi ile ndogo ya kujiuliza iliondolewa kwa makusudi, na imeondolewa kwa watu mabilioni. Kumlaumu kijana wa miaka 14 kwamba hana nidhamu, huku upande wa pili wakiwa wahandisi wanaolipwa ili asinyanyue macho, mimi naona ni uonevu.

Wale mafundi wa Uingereza waliovunja mashine, si walikuwa wajinga waliogopa maendeleo?

Jina lao limegeuzwa tusi, nami nadhani wameonewa. Waliitwa Waluddi, na walianza mwaka 1811 kwenye wilaya za ufumaji. Walikuwa mafundi stadi, na mashine walizifahamu kuliko waliowacheka. Wengine walikuwa wamezitumia kwa miaka. Walichopinga ni waajiri kuzitumia kutengeneza bidhaa hafifu kwa vibarua wasiofunzwa, ili mishahara ishuke. Mara nyingi waliziacha mashine za waajiri waliolipa vizuri na kuvunja za wengine.

Serikali ilipeleka askari kwa maelfu, na mwaka 1812 bunge likapitisha sheria ya kumnyonga mvunja mashine. Mshairi Byron alisimama kwenye Baraza la Mabwana kuipinga, bila mafanikio. Ni kweli kwamba nguo zilikuja kuwa rahisi na vizazi vya baadaye vilifaidika. Ila fundi aliyenyongwa, na yule aliyekufa maskini, hawakuwa kwenye vizazi vya baadaye.

Akili mnemba itanichukulia kazi?

Sitakudanganya kwa kukupa jibu la hakika. Historia inatoa mifano miwili inayovutana.

Mashine ya kutolea fedha ilianza kutumika mwaka 1967 katika tawi la Barclays, kaskazini mwa London. Wengi walidhani makarani wa benki wamekwisha. Nchini Marekani idadi yao haikuporomoka kwa miongo kadhaa. Tawi lilihitaji watu wachache, kwa hiyo benki zikafungua matawi mengi zaidi, na makarani wakahamia kwenye kuhudumia wateja. Mfano huu hupendwa sana na wauzaji wa teknolojia.

Wa pili hautajwi sana. Katika miaka ya 1920 kuunganisha simu kwa mkono ilikuwa miongoni mwa kazi za kawaida kabisa kwa wasichana wa Kimarekani. Mitambo ya kujiendesha ikaja mji baada ya mji. Wachumi James Feigenbaum na Daniel Gross walifuatilia kilichotokea, wakakuta kwamba wasichana waliokuwa wanaanza maisha walipata kazi nyingine, za ukarani na za huduma. Waliokuwa tayari kwenye kazi ile ndio walioumia: baada ya miaka kumi walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa kazini, na waliopata kazi wengi waliangukia zenye malipo ya chini.

Kwa hiyo mtu akisema "kazi mpya zitakuja", huenda anasema kweli. Swali ni kama zitamjia mtu yuleyule. Mama wa miaka 50 aliyetafsiri nyaraka maisha yake yote hafarijiki kwa kusikia kwamba mjukuu wake atakuwa mhandisi wa data. Anahitaji mshahara wa kipindi cha mpito, mafunzo yanayolingana na umri wake, na mwajiri aliyefaidika na mashine achangie. Bila hayo, sehemu ya faida ile imetoka mfukoni mwake.

Mitandao ya kijamii inawadhuru watoto kweli, au ni woga wa wazee kama ulivyokuwa kwa redio na televisheni?

Watafiti wenyewe wanabishana. Jonathan Haidt anasema simu janja na mitandao ni chanzo kikuu cha kuporomoka kwa afya ya akili ya vijana. Candice Odgers na wenzake wanajibu kwamba uhusiano unaoonekana kwenye takwimu ni mdogo, na kwamba kijana mwenye huzuni huenda ndiye anayekimbilia simu. Mei 2023 Vivek Murthy, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa onyo akisema haiwezi kutamkwa kwamba mitandao ni salama vya kutosha kwa watoto. Australia imekwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na mzigo wa kutekeleza umewekwa juu ya kampuni, si mzazi.

Mimi napenda hapo pa mwisho. Kwenye dawa hatusubiri wazazi wathibitishe kwamba kidonge kina sumu. Mtengenezaji ndiye anayetakiwa kuonyesha usalama wake. Tulijifunza hilo kwa machungu ya thalidomide, dawa ya usingizi iliyouzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957, wakapewa pia wajawazito kwa kichefuchefu, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo vilivyoathirika. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba ule kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa, alikataa kuiidhinisha mpaka aletewe ushahidi wa kutosha.

Kuhusu wastani mdogo kwenye takwimu: wastani huficha. Watoto tisa wasiodhurika na mmoja anayedhurika sana wanatoa wastani mdogo, na huyo mmoja ana jina na ana mama. Nyumbani, nikilazimishwa kuchagua jambo moja tu, nachagua usingizi. Simu ilale nje ya chumba cha kulala, ya mzazi pia. Mtoto anaona.

Nina marafiki 2,000 mtandaoni. Mbona bado mpweke?

Ndugu yangu, swali hili lilinifika moyoni.

Ninavyoona, kuna mawasiliano yanayoongezea na mawasiliano yanayochukua nafasi. Mama aliye mbali anayemwona mwanawe kwenye skrini kila Ijumaa ameongezewa. Bila chombo kile asingekuwa na kitu. Watu wawili waliokaa kochi moja, kila mmoja na simu yake, wamebadilishiwa. Chombo ni kilekile. Ndiyo maana sipendi ushauri wa saa ngapi kwa siku bila kuuliza saa hizo zimekaa mahali pa nini.

Sasa wamekuja pia marafiki wa mashine, programu zinazozungumza nawe usiku kucha bila kuchoka. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitengeneza programu sahili iliyoitwa ELIZA, iliyojifanya mtaalamu wa nafsi kwa kurudisha maneno ya mtu kama swali. Katibu wake, aliyejua vizuri kwamba ni programu tu, alianza kuongea nayo kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na miaka iliyobaki alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakubwa wa fani yake mwenyewe. Simcheki katibu yule. Kiu ya kusikilizwa ni ya kweli. Linalonitia wasiwasi ni kwamba mtu aliyezoea msikilizaji asiyechoka, asiyekasirika na asiye na shida zake, anaweza kukosa subira na binadamu, ambao wote wana shida zao.

Huduma hizi ni za bure. Nalipa nini?

Muda wako, na taarifa zako: uko wapi, unanunua nini, unaamka saa ngapi, unaogopa ugonjwa gani. Taarifa hizo hutumika kuuza nafasi ya kukushawishi. Tena hulipi peke yako. Ukiruhusu programu isome orodha yako ya namba, umetoa namba za watu ambao hawakuulizwa.

"Mfumo umekataa." Nani wa kubishana na kompyuta?

Yeyote anayedhurika nayo, na lazima apewe njia ya kubishana.

Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa ofisi ndogo za posta, wengi wao watu wa kuheshimika katika vijiji vyao, walianza kuona kwenye skrini upungufu wa fedha wasiouelewa. Walipopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa kwamba tatizo hilo ni lao peke yao. Halikuwa lao peke yao. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kwa ushahidi uliotokana na mfumo huo. Wapo waliofungwa, waliouza nyumba kulipa deni lisilokuwepo, na waliojiua. Alan Bates, mmoja wa wasimamizi hao, na wenzake zaidi ya 500 walishinda kesi mwaka 2019 mbele ya jaji aliyekubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 ilibidi bunge lipitishe sheria ya kufuta hukumu kwa pamoja.

Kilichowaponza zaidi ni dhana ya kisheria kwamba kompyuta huchukuliwa kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mwenye posta ndogo angethibitishaje, wakati kumbukumbu za mfumo ziko mikononi mwa anayemshitaki?

Makosa ya mashine pia hayagawanyiki sawa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za biashara zilizokuwa zikitambua jinsia ya mtu kwa kutazama picha yake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Mtengenezaji anaweza kutangaza kwa ukweli kabisa kwamba programu yake "kwa wastani" ni sahihi, na wewe ukawa ndiye uliyetolewa nje ya wastani huo.

Simu na kompyuta si safi kuliko viwanda vya zamani? Hazitoi moshi.

Moshi wake uko mbali nawe, basi. Takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, inayotiwa kwenye betri, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono, watoto wakiwemo. Mwisho wa safari, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Katikati kuna vituo vya data, majengo yaliyojaa kompyuta zinazoendesha huduma za mtandao, ambavyo mwaka 2024 vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wa dunia.

Utaambiwa vifaa vipya vinatumia umeme kidogo. Ni kweli, lakini mwaka 1865 mchumi William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilizotumia makaa kwa ufanisi zaidi ziliongeza matumizi ya makaa, kwa kuwa watu walipata sababu ya kuzitumia kila mahali. Kifaa kinachosaidia kuliko vyote ni kile ulichonacho tayari, kikitengenezeka. Ndiyo maana naunga mkono sheria zinazowalazimisha watengenezaji kuuza vipuri na kuacha betri zibadilishike.

Mashine za nyumbani angalau zimetupunguzia kazi?

Jasho zimelipunguza sana. Saa, ni suala jingine. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alionyesha mwaka 1983 kwamba kwa mama wa nyumbani wa Marekani saa za kazi hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Nguo zilizofuliwa mara moja kwa wiki zikaanza kufuliwa kila baada ya siku chache, na kazi ambazo zamani mume, watoto au kibarua walisaidia zikabaki kwa mama na mashine yake. Barua pepe imetufanyia jambo lilelile ofisini. Ufaransa ilitunga sheria iliyoanza Januari 2017, ikizitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya saa za kazi.

Ramani ya simu inadumaza akili?

Inapumzisha sehemu ya akili ambayo hukua kwa kutumika. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waligundua kwamba madereva teksi wa London, waliolazimika kukariri maelfu ya mitaa, walikuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kutambua njia, kubwa kuliko watu wengine, na ilikuwa kubwa zaidi kwa waliofanya kazi miaka mingi. Mimi hutumia ramani niendako mara ya kwanza, kisha huizima nikirudi.

Kuna jamii iliyowahi kuchagua kweli, au teknolojia huja tu kama mvua?

Zipo, na hapa ndipo ninapopata matumaini.

Waamishi wa Marekani, jumuiya ya Kikristo inayoishi maisha ya kizamani, hudhaniwa wanakataa kila kipya. Hawafanyi hivyo. Huuliza kwanza kitu hicho kitaifanya nini jumuiya. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wao walikataa simu ndani ya nyumba, wakakubali kibanda cha simu nje kinachotumiwa na majirani kadhaa: kumwita daktari, sawa, kukatiza mazungumzo ya familia, hapana. Wengi hukubali kupanda gari la mtu bila kumiliki lao. Sitaki kuishi kama wao, na masharti yao mengine ni mazito mno kwangu. Lakini swali lao ni bora kuliko letu.

Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, zinakula tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua. Walikejeliwa na wenye viwanda. Mwaka 1985 shimo juu ya Antaktika likatangazwa, na miaka miwili tu baadaye nchi zikatia saini Itifaki ya Montreal. Tabaka hilo sasa linapona. Majokofu hatukuyatupa, tulibadilisha gesi. Na aliyebuni gesi ile ya kwanza, kwa nia njema ya kuepusha majokofu yenye sumu, alikuwa Thomas Midgley, yuleyule wa petroli.

Ugumu ni wa wakati. Msomi David Collingridge alieleza mwaka 1980 kwamba teknolojia ikiwa changa ni rahisi kuibadilisha lakini madhara yake hayajajulikana. Yakijulikana, imeshaota mizizi. Kwa hiyo panahitajika watu wa kutazama mapema, wasiolipwa na muuzaji. Bunge la Marekani lilikuwa na ofisi ya namna hiyo tangu 1972, iliyochambua teknolojia kwa niaba ya wabunge. Mwaka 1995 walikata bajeti yake wakaifunga, miaka ileile intaneti ilipokuwa ikiingia majumbani. Bado naona ni moja ya makosa makubwa ya kipindi hicho.

Na wasiotaka, au wasioweza, kuingia mtandaoni?

Mwaka 2024 watu takriban bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti. Wengi wanaihitaji na hawaipati, na hiyo ni hasara halisi. Lakini lipo pia kundi la wazee na wengine wanaosukumwa humo kwa nguvu: dirisha la huduma linafungwa, karani anaondolewa, na fomu inabaki mtandaoni tu. Taasisi huandika kwamba imeokoa fedha. Kazi ile haikupotea. Imehamishiwa kwa binti anayeacha shughuli zake kila wiki kumjazia baba fomu. Dirisha moja lenye mtu libaki wazi, kila mahali. Kwangu hilo ni suala la haki.

Kazini kwetu wanaleta mfumo mpya wa akili mnemba. Mimi mtu mdogo niulize nini?

Uliza mfumo ukikosea, aliyeumia ampigie nani, na kama huyo mtu ana uwezo wa kubatilisha uamuzi au kazi yake ni kupokea simu tu. Uliza muda utakaookolewa utakwenda wapi: utarudi nyumbani mapema, au utapewa mafaili mengine? Uliza ulijaribiwa kwa watu wa aina gani, na taarifa mtakazoingiza zitakaa kwa nani. Uliza nani atapoteza, na amealikwa kwenye kikao hiki?

Usiulize peke yako ikiwezekana. Mwenye swali peke yake huitwa mkorofi, lakini wakiwa watano ni wajumbe. Omba majibu kwa maandishi, yenye tarehe, na omba mfumo ukaguliwe upya baada ya miezi sita, mbele ya walewale walioutumia.